Nusu ya Mbele ya Basi

Mlango wa nyumba ya baba ulianza kukataa kufungika wakati wa mvua za masika. Baba aliamini kwamba mbao zimevimba kwa unyevu, akachukua randa na kuupunguza upande wa chini. Baada ya wiki mbili ukakwama tena, naye akaupunguza tena. Siku niliyofika kumsalimu nilimkuta amepiga magoti juu ya maranda, miwani imeteremka hadi ncha ya pua, na badala ya kuketi nilizunguka nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimesomea ujenzi chuoni kwa miaka mitatu na nilijua pa kutazama. Ufa ulianzia kwenye msingi, ukapanda kando ya dirisha la jikoni hadi karibu na paa. Ardhini, hatua chache kutoka ukutani, kulikuwa na ufa mwingine uliofichwa na nyasi. Niliingiza mkono ndani yake ukazama hadi kwenye kiwiko.

Mbao hazikuwa zimevimba. Nyumba ilikuwa ikishuka.

Shamba letu, kama mashamba mengi ya upande huu wa Magwagwa, ni ukanda mwembamba unaoanzia barabarani, juu kabisa kwenye mgongo wa kilima, na kuteremka hadi kijitoni. Juu kuna kipande kidogo cha ardhi tambarare ambacho hakikuwahi kupandwa kitu cha maana. Kisha kuna chai. Chini ya chai ndipo ilipo nyumba, na kando ya nyumba kaburi la mama. Miaka michache iliyopita tulikata mikaratusi yote iliyosimama kati ya chai na nyumba, tukafurahi kwamba jua sasa linafika uani. Hakuna aliyefikiria kwamba mizizi ya miti ile ndiyo iliyokuwa imeushika mteremko.

Nilichukua penseli nikachora mstari mfupi mwishoni mwa ufa wa ukutani, kisha nikaandika siku kando yake. Ndivyo tulivyofundishwa: ufa usipimwe kwa macho, kwa sababu macho huzoea.

Baba alinifuata akaegemea fimbo yake. “Unaandika nini kwenye ukuta wangu?”

“Napima ufa, Tata.” Hivyo ndivyo tunavyowaita baba zetu huku Kisii na Nyamira.

“Kuna mtu aliyekwambia hauonekani?”

“Nataka kujua kama unakua.”

“Unakua,” alisema. “Kila kitu hapa kinakua ila mahindi.”

Nilirudi baada ya siku nane. Ufa ulikuwa umeupita mstari wangu kwa upana wa kiganja.

Naibu wa chifu alikuwa tayari amewaambia wote wanaoishi kwenye mteremko ule wahame kabla ya mvua za vuli. Kuhama ni neno jepesi mdomoni mwa mtu mwenye pa kwenda. Baba alikuwa mjane, mzee wa kanisa la Sabato, mwenye goti bovu na watoto wawili. Dada yangu ameolewa huko Nyacheki na nyumba yake ni kubwa, lakini mwanamume wa Kisii haendi kuishi kwa wakwe za binti yake. Hilo hata mimi sikulitaja. Mimi na mke wangu tulikuwa tumepanga chumba kimoja sokoni Magwagwa, karibu na shule ya chekechea anakofundisha mke wangu. Kujenga nyumba mpya ya matofali juu kwenye tambarare kungehitaji misimu miwili na uwezo ambao hatukuwa nao. Nilihesabu majuma yaliyobaki hadi mvua, na kila nilipohesabu nilikosa usingizi.

Hapo ndipo wazo lilipokuja, nami nakiri kwamba lilinijia kama furaha. Tangu chuoni nilikuwa nikikusanya kwenye simu picha za makazi yasiyo ya kawaida: behewa la treni lililogeuzwa kuwa nyumba yenye mapazia na kabati la vitabu, tangi la maji lenye ngazi ya kuzunguka ndani yake, ghala la nafaka lenye kitanda chini ya paa la mviringo, nyumba iliyochongwa ndani ya mwamba. Wenzangu walizicheka. Mimi niliziamini. Niliona ndani yake haki ya aina fulani, kwamba mtu asiye na kitu angeweza kuishi kwa raha, si kwa kujisitiri tu, endapo mtu mwingine angekubali kufikiri kwa niaba yake.

Karibu na Mosocho kulikuwa na karakana ambamo basi la shule moja iliyofungwa lilikuwa limelala miaka mingi bila injini wala magurudumu. Nilikuwa nimemjengea mwenye karakana ukuta, naye akanipa basi lile badala ya ujira, akicheka. Lori lililetwa, likalibeba hadi juu ya shamba letu, na watu waliokuwa wakipeleka majani ya chai kituoni waliweka vikapu vyao chini wakatazama basi likiteremshwa juu ya nguzo za mawe.

“Litakwenda wapi?” mmoja aliuliza.

“Haliendi. Ni nyumba.”

“Angalau basi hili tutajua lilipo kila siku.”

Nilifanya kazi ile kwa wiki saba. Baba mdogo, ndugu yake baba, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma pale sokoni, alinisaidia kukata na kuunga. Ndani tuling'oa viti vyote isipokuwa kimoja. Nilitandika sakafu ya mbao za msaiprasi, nikafunika dari kwa mikeka ya majani makavu ya mgomba ili mvua isipige kelele kwenye bati na joto lisipotee. Ukutani niliweka beseni la jiwe la sabuni, lililochongwa kule Tabaka, laini kama kitu cha kuliwa. Nilitengeneza ngazi mpya mlangoni, ya hatua fupi fupi, kwa ajili ya goti lake. Nyuma kabisa, mahali ambapo wanafunzi watukutu huketi, nilijenga kitanda kipana kinachokwenda kutoka dirisha hadi dirisha, na juu yake rafu ya Biblia na kitabu cha nyimbo. Kiti kimoja nilichobakiza kilikuwa cha dereva. Nilikivika ngozi mpya, nikakiinua kidogo, nikakifunga kwa bolti nne kikitazama kioo cha mbele. Mtu akiketi pale aliona chai yote ikiteremka mbele yake, kisha paa la nyumba yetu, kisha kijito na vilima vya ng'ambo. Nilikuwa nimeliweka basi kwa pembe hiyo makusudi.

Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile, wala sidhani nitatengeneza kingine.

Lilipokamilika nilisita kumkabidhi. Nilijiambia kwamba si uadilifu kumpa mzazi makao ambayo sijayajaribu mwenyewe. Vipi kama linavuja? Vipi kama baridi inapanda kutoka sakafuni? Nilimwambia mke wangu kwamba tutalala ndani yake siku chache ili tujue.

Alikuwa ameshika ndoo. Aliiweka chini. “Tulale humo? Kwenye kitanda cha baba mkwe?”

“Bado si kitanda chake. Hajakiona.”

“Ungelala wewe peke yako.”

“Wewe ndiwe unayesikia baridi haraka. Nahitaji kujua kwako.”

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akaichukua ndoo yake. Sasa najua kwamba alikuwa akinipa nafasi ya kufikiri. Mimi nilidhani amekubali.

Tulilala humo siku nne. Mvua ya mapema ilinyesha, nikagundua tundu moja juu ya dirisha la tatu nikaliziba. Sakafu haikuwa na baridi. Tulipika nje kwenye jiko la makaa, kwa sababu sikutaka moshi uchafue rangi mpya. Kila asubuhi mke wangu alifagia mbele ya ngazi, na wanawake waliopita barabarani na majani yao walimsalimu kwa vifijo. Walimpongeza. Nilifikiri wanasifu ubunifu wangu, nami niliwapungia mkono kutoka dirishani.

Sabato iliyofuata, baada ya ibada, nilimleta baba. Alikuwa bado amevaa koti lake la kanisani na baba mdogo alitembea kando yake. Alipanda kupitia kwenye chai polepole akipumzika kila mistari michache. Alipofika aliweka kiganja chake kwenye ubavu wa basi, akakiacha pale kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Alitazama ngazi. Alielewa upesi kwamba hatua zile fupi zilikuwa za goti lake, kwa maana aliangalia goti kisha akaniangalia mimi.

“Umefanya kazi,” alisema.

“Ingia, Tata. Ni yako.”

Aliinua mguu mmoja. Kisha akaona kanga ya mke wangu imeanikwa kwenye dirisha la nyuma. Mguu ulirudi chini.

“Nani amelala humu?”

“Sisi. Siku nne tu. Tulikuwa tukijaribu kama—”

“Wewe na mkamwana wangu?”

“Ndiyo.”

Baba mdogo aligeuza uso akatazama barabara kana kwamba kuna gari linalokuja. Baba hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alivua kofia yake akanipa mkono kama ampavyo bwana harusi.

“Hongera,” alisema. “Nilidhani hutajenga kamwe. Umejenga.”

Kwa msomaji asiye wa kwetu, lazima nieleze. Tuna mambo tunayoyaita chinsoni, soni iliyowekwa kati ya wazazi na watoto waliokomaa ili heshima isichakae. Kanuni yake kubwa ni kwamba baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Anaweza kusimama uani, anaweza kuletewa chakula nje, lakini mahali mwanawe na mkamwana wanapolala hapakanyagi. Mimi sikuwa nimejenga nyumba nyumbani. Kwa hiyo nyumba ya kwanza ambayo mimi na mke wangu tulilala katika ardhi ya baba yangu ilikuwa basi lile, na kijiji chote, kuanzia wanawake wale wa barabarani, kilikuwa kimelishuhudia jambo hilo na kulipokea. Nilikuwa nimemjengea baba mahali pa pekee duniani ambapo hangeweza kuingia.

Nilijaribu kubishana. Ninaona aibu kuandika jinsi nilivyobishana, kwa sauti ya darasani. Nilimwambia yeye ni Mkristo, mzee wa kanisa. “Kanisani hakuna sheria hii, Tata.”

“Kanisani hakuna pia sheria ya kuvaa suruali nikienda sokoni,” alijibu. “Lakini sijawahi kwenda bila.”

Baba mdogo alicheka hadi akashika mti. Mimi sikuweza. Tulimwekea baba kiti nje, akanywa chai yake chini ya kioo cha mbele, akasifu mandhari, kisha akashuka kwenda kulala kwenye nyumba yenye ufa.

Majuma yaliyofuata yalinibadilisha nikawa mtu nisiyempenda. Mvua ilianza. Kila alasiri nilishuka na penseli, na kila mara ufa ulikuwa umeupita mstari. Ule wa ardhini ulikuwa umepanuka kiasi kwamba kuku walianza kuuzunguka badala ya kuuruka. Nilikitoa kitanda chote nje, nikakitandika upya kwa mashuka mapya, nikamwambia kwamba hakuna alama yetu iliyobaki. Alisema kitanda si shuka. Nilimwomba mchungaji azungumze naye. Mchungaji, ambaye naye ni mtoto wa huku, alikuja, akaketi nje na baba kando ya basi, wakaomba mvua ipungue, akaondoka bila kuingia. Tulihama basi lile tukarudi kwenye chumba chetu sokoni, likabaki tupu, kavu, lenye joto, na mlango wake wazi, huku baba yangu akiweka sufuria chini ya mivujo mitano.

Alikuja kila alasiri kuketi kwenye kiti kile cha nje. Nadhani alikuja ili nisijione nimekataliwa. Siku moja nilipiga kelele. Nilimwambia kwamba atakufa kwa ajili ya kitanda, kwamba mama angekuwa hai angemcheka, kwamba heshima yake itanifanya nimchimbue kwenye matope kwa mikono yangu. Mke wangu alikuwa amesimama kando ya ngazi na aliinamisha kichwa.

Baba aliweka kikombe chini. “Ukinichimbua,” alisema kwa upole, “hutaniona uchi. Hicho ndicho ninachokilinda. Nikilala kwenye kitanda chako, utakuwa umeniona uchi kila siku, nami nimekuona.” Kisha akamgeukia mke wangu. “Mama, kuna chai nyingine?”

Mke wangu alimjazia kikombe.

Ukuta wa jikoni ulianguka Jumanne asubuhi. Baba alikuwa uani akilisha kuku. Tulipofika tulimkuta ameshika sufuria moja iliyonusurika, akiitazama jikoni yake iliyokuwa sasa na dirisha kubwa kuliko yote aliyowahi kuwa nayo. Alihamishia godoro lake sebuleni. Alisema sebule iko imara. Niliketi juu ya matofali yaliyoanguka nikalia mbele yake, na hakunikataza.

Baba mdogo ndiye aliyezungumza. Alikuwa ametembea hadi juu na kurudi, viatu vimejaa matope.

“Mlilala wapi humo ndani?” aliniuliza.

“Nyuma. Kwenye kitanda.”

“Na mbele?”

“Hakuna kitu mbele. Kiti tu.”

Baba aliinua kichwa. “Mkamwana alipikia wapi?”

“Nje,” mke wangu alijibu mwenyewe. “Sikuwasha moto ndani hata siku moja.”

Wazee wawili walitazamana. Walikuwa wamekua katika nyumba moja na hawakuhitaji maneno. “Kata,” baba mdogo alisema.

“Kukata nini?”

“Basi. Katikati. Nyuma ni nyumba yako, utaivuta ng'ambo ya ua, uishi kama mtu. Mbele hapana mtu aliyelala, hapana moto uliowashwa. Mbele ni bati tu. Bati halina soni.”

Nilimwambia haiwezekani. Nilimweleza kuhusu mbavu za chuma zinazoshikilia paa, kuhusu joto litakalopotea, sakafu itakayopasuka, beseni lililoko hasa pale mkato utakapopita. Nilizungumza kwa muda mrefu. Ndugu yake baba alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

“Unataka babako awe na nyumba,” aliuliza, “ama wewe uwe na picha?”

Tulikata siku mbili mfululizo, tukipumzika mvua ilipozidi. Yeye alishika mashine na mimi nilishika mwavuli juu yake, cheche zikizima kwenye majani yaliyolowa. Beseni la jiwe la sabuni lilipasuka vipande viwili. Mikeka ya dari ilining'inia kwenye mkato kama nyama, ikalowa. Trekta lilikokota nusu ya nyuma, pamoja na kitanda kipana na rafu yake, hadi ng'ambo ya ua wa michongoma, na watu wa barabarani hawakuuliza chochote.

Nusu ya mbele tuliiziba kwa mabati yaliyotoka kwenye jikoni iliyoanguka. Mlango wa basi ulikuwa umepinda wakati wa kukata na hatukuwa na mwingine, kwa hiyo tulipandisha ule wa nyumba ya baba. Alikuwa ameupiga randa mara nyingi mno. Ulipofungwa ulibakiza pengo chini ambalo paka angepita bila kuinama, na upepo wa kilimani uliingia hapo ukatokea kwenye kila kiungo cha bati. Kitanda chake chembamba kiliegeshwa kando, kisha hapakubaki nafasi ila ya jiko na kiti cha dereva. Aliingia jioni hiyo, akipanda hatua zile fupi moja baada ya nyingine. Nilibaki chini. Nilipobisha hodi, aliitikia karibu, kwa maana mwana huruhusiwa kuingia kwa baba yake. Nilimkuta ameketi kitini na koti lake la kanisani, mabega yameinuliwa kwa baridi, mikono juu ya magoti.

“Ni pazuri,” alisema. Alikuwa mtu mkweli maisha yake yote, na ule ndio uongo wa kwanza niliowahi kumsikia akisema.

Nyumba ilishuka siku ya kumi na moja, saa nane mchana, mvua ikiwa imeacha. Nilikuwa naye ndani, nikijaribu kuziba pengo la chini ya mlango kwa mpira wa gurudumu. Hakukuwa na mshindo niliouogopa. Kulikuwa na sauti ndefu ya kitu kizito kikikokotwa, na nilipoinuka nilimwona baba ameketi wima, akitazama kupitia kile kioo cha mbele nilichokisafisha kwa mikono yangu ili kimpe mandhari. Mistari ya mwisho ya chai ilienda kwanza. Kisha paa likainama, likageuka, likatembea. Udongo mwekundu ulilifuata, ukaenea kando, na mahali palipokuwa na msalaba wa mama hapakuwa tena na mahali.

Watu walianza kukimbia barabarani wakiita jina lake, wakidhani yumo. Nilitaka kutoka kuwaambia kwamba yuko hapa, yuko hai. Aliinua mkono.

“Kiti hiki kinageuka?”

“Kimefungwa kwa bolti, Tata.”

“Zifungue.”

Nilitoa spana kwenye kisanduku. Bolti mbili zilikuwa zimeshika kutu tayari, na ilibidi nilale kifudifudi kwenye sakafu yenye maji ili nizifikie, kichwa changu kikiwa kando ya viatu vyake. Hakuinuka wakati nikifanya kazi. Zilipolegea zote nne, nilikumbatia kiti pamoja na yeye ndani yake, nikakizungusha kidogo kidogo, mpaka kikapeana mgongo na bonde na kukabili yale mabati ya jikoni. Nikazikaza bolti upya hapo hapo.